Ioni ileile, nyumba tofauti: kwa wanaoanza kazi ya unga wa taa za LED

Usiku usio na mbalamwezi, simama Kibirizi au Katonga, Kigoma, uangalie Ziwa Tanganyika. Ule mstari wa taa za wavuvi wa dagaa ni somo la kwanza la kazi hii. Zamani zilikuwa karabai. Kile kifuko cha kitambaa cha karabai, kinachochomwa mpaka yabaki majivu meupe yanayong'aa, kilitokana na kazi ya Mwaustria Carl Auer von Welsbach, ambaye mwaka 1891 alifikia mchanganyiko wa oksaidi ya thoriamu 99% na oksaidi ya seriamu 1%. Siku hizi taa nyingi ni za LED, na ndani ya LED nyeupe seriamu ipo tena, safari hii imekaa ndani ya fuwele ya itriamu, aluminiamu na oksijeni. Kwenye karabai iling'aa kwa sababu imepashwa moto. Kwenye LED inang'aa kwa sababu imepigwa na mwanga wa buluu, na joto sasa ni adui yake. Kijana wa Kigoma anayeingia maabara ya kemia au fizikia akiishika tofauti hiyo mapema, mengi yatakayofuata yatamkalia vizuri kichwani.

Unga huo huitwa fosfa. Usiuchanganye na fosforasi ya mbolea, majina yamefanana tu. Fosfa hupokea mwanga wa rangi moja na kutoa mwanga wa rangi nyingine, karibu kila mara yenye nishati ndogo kuliko uliopokelewa. Chipu ya LED nyeupe yenyewe hutoa buluu yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450. Juu yake hupakwa silikoni laini iliyochanganywa na unga wa njano, ule wa itriamu uliotiwa seriamu, unaotoa mwanga mpana wenye kilele karibu nanomita 550. Buluu iliyopenya na njano iliyozaliwa zikikutana, jicho huona nyeupe. Kampuni ya Nichia ya Japani iliingiza taa za namna hiyo sokoni mwaka 1996.

Nyeupe hiyo ina pengo upande wa nyekundu. Nyanya huonekana zimepauka, nyama buchani haina sura yake, na mganga anayefunua kope za mgonjwa kuangalia kama ana upungufu wa damu anaweza kudanganyika. Pengo hilo ndilo lililozifanya fosfa za nitridi, yaani zenye nitrojeni ndani ya fuwele, kuwa na thamani.

Kabla hujagusa tanuri, tengeneza kifaa cha kutazamia rangi. Chukua boksi la viatu, toboa upande mmoja, uweke nyembe mbili zikitazamana kwa makali, zikiachana kama nusu milimita. Upande wa pili bandika kipande cha CD kwa mwinamo, kisha toboa tundu la kuchungulia. Mifereji ya CD imeachana mikromita 1.6, inatosha kupasua mwanga. Tazama balbu ya LED yenye mwanga baridi: mstari mkali wa buluu, giza kidogo baada yake, halafu njano pana inayofifia mapema kuelekea nyekundu. Halafu tazama balbu yenye mwanga wa joto, iliyoandikwa 2700K au 3000K. Nyekundu inaenda mbali zaidi. Hapo mara nyingi ndani yake kuna nitridi yenye yuropiamu, moja ya metali adimu. Ukiona mistari myembamba myekundu, wenye nguvu zaidi karibu nanomita 631, hiyo ni fosfa ya floridi yenye manganizi, haihusiani na metali adimu. Usichungulie LED tupu yenye nguvu kwa jicho, tazama mwanga wake ulioakisiwa na karatasi nyeupe. Na ukifungua balbu iliyokufa, ichomoe kwanza na uiache muda, maana kapasita ya ndani hubaki na umeme.

Sasa kiini cha jambo. Ioni ya yuropiamu yenye chaji mbili, Eu2+, yaani atomu iliyopoteza elektroni mbili, inaweza kutoa buluu, kijani, njano, chungwa au nyekundu, na yenyewe haijabadilika. Kinachobadilika ni fuwele inamoishi. Ndani ya oksaidi ya bariamu, magnesiamu na aluminiamu hutoa buluu ya karibu nanomita 450. Ndani ya BaSi2O2N2 hutoa kijani chenye ubuluu, karibu 495. Badili bariamu iwe strontiamu, unapata karibu 540, na ukiweka kalsiamu unafika karibu 560. Ndani ya sialoni ya beta (sialoni ni fuwele ya silikoni, aluminiamu, oksijeni na nitrojeni), kijani safi chembamba cha karibu 535 hadi 540. Sialoni ya alfa yenye kalsiamu hutoa njano ya chungwa karibu 585, Sr2Si5N8 hutoa nyekundu ya chungwa kati ya 610 na 620, na CaAlSiN3 hutoa nyekundu nzito karibu 650.

Sababu ni hii. Elektroni ya Eu2+ ikipigwa na mwanga hupanda kutoka ganda la 4f, lililojificha ndani, hadi ganda la 5d lililo nje wazi. Ganda la 5d linaguswa na majirani. Nitrojeni inashika elektroni kwa ulafi mdogo kuliko oksijeni, hivyo kifungo chake na metali ni cha kushirikiana zaidi, na hiyo peke yake inashusha kiwango cha 5d. Halafu ioni ya nitrojeni ina chaji tatu dhidi ya mbili za oksijeni, kwa hiyo inaligawa ganda la 5d kwa nguvu zaidi, na sehemu ya chini inazidi kushuka. Kiwango kikishuka, nishati inayorudi inapungua, na rangi inasogea kuelekea nyekundu. Ukiweka ioni ndogo kama kalsiamu mahali pa strontiamu, majirani wanasogea karibu na rangi inasogea vilevile. Ukiongeza strontiamu ndani ya CaAlSiN3, kinyume chake: kutoka 650 unarudi hata chini ya 630.

Eu3+, yuropiamu yenye chaji tatu, ni habari nyingine. Mwanga wake unatoka ndani ya ganda la 4f lenyewe, lililokingwa, kwa hiyo popote utakapomweka atatoa mistari myembamba myekundu karibu nanomita 590 na 612, na atachukua milisekunde kuzima wakati Eu2+ huzima kwa karibu mikrosekunde 1. Tofauti hiyo ishike sana, maana ndiyo itakayokuambia kama tanuri lako limevuja.

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni mmoja: usianze na CaAlSiN3, hata kama nyekundu ndiyo inayokuvutia. Anza na SrSi2O2N2 yenye Eu2+. Malighafi zake haziogopi hewa, joto lake linafikiwa na tanuri la bomba la alumina la kawaida, na makosa yake yanaonekana kwa macho.

Mlinganyo ni mwepesi: SrCO3 mbili, SiO2 moja na Si3N4 moja hutoa SrSi2O2N2 mbili, na kaboni dioksaidi inaondoka. Kwa gramu 5 za unga ambao 2% ya strontiamu imebadilishwa na yuropiamu, pima SrCO3 gramu 3.527, Eu2O3 gramu 0.0858, SiO2 gramu 0.732 na Si3N4 gramu 1.710. Angalia ile ya yuropiamu. Mizani inayosoma gramu 0.01 haifai kabisa hapa, kwa sababu kosa la tarakimu moja ya mwisho ni zaidi ya 10% ya kiasi chote cha yuropiamu. Tumia inayosoma 0.0001. Kama maabara yako haina, tengeneza mchanganyiko mkubwa zaidi, au yeyusha Eu2O3 katika asidi ya nitriki, fikisha ujazo unaojulikana, kisha upime kwa pipeti.

Eu2O3 iliyokaa chupani muda mrefu hunyonya maji na kaboni dioksaidi, kwa hiyo uzito unaousoma si wa oksaidi peke yake. Ichome kwanza kwa nyuzi 900 hadi 1,000 kwa saa kadhaa, ipoe ndani ya chombo cha ukavu, ipime mara moja. SrCO3 na SiO2 zikaushe usiku mzima kwa nyuzi 120 au zaidi. Kigoma wakati wa masika, na ziwa liko hapo, SiO2 laini iliyoachwa wazi hunyonya maji upesi. Si3N4 chagua ya alfa, inashiriki mmenyuko upesi kuliko ya beta.

Saga kwa kinu cha akiki na mchi wake, ukitia ethanoli kidogo, nusu saa kamili. Usitumie kinu cha chuma wala kijiko cha chuma kilichochubuka. Chuma kidogo sana ndani ya fuwele hunyonya nishati na kuizima kabla haijawa mwanga, na hakuna hatua ya baadaye itakayokitoa.

Unaweza kuchoma kwa hatua moja, lakini hatua mbili hutoa unga safi zaidi, na sisi tungemfundisha mwanafunzi hivyo tangu siku ya kwanza. Kwanza choma SrCO3, Eu2O3 na SiO2 peke yake kwa nyuzi 1,200, saa 4, upate silikati Sr2SiO4. Kisha pima ulichookota, maana kinuni huwa kinabaki kidogo, na kwa kila gramu 1.000 ya silikati ongeza Si3N4 gramu 0.520. Saga tena, choma kwa nyuzi 1,400 kwa saa 6. Gesi katika hatua zote mbili ni nitrojeni yenye hidrojeni 5%, iliyochanganywa tayari mtungini na muuzaji. Usijichanganyie mwenyewe. Hidrojeni ndiyo inayomshusha Eu3+ kuwa Eu2+. Bomba la kutolea gesi lielekee nje ya jengo, na madirisha yawe wazi: nitrojeni haina harufu, na chumba kikijaa mtu huanguka bila onyo.

Weka unga kwenye kikombe cha boroni nitridi, usiushindilie, gesi lazima ipite kati ya chembe. Kikombe cha alumina kitafanya kazi, ila aluminiamu kidogo itaingia kwenye unga unaogusa kuta, basi chota wa katikati. Kabla ya kuwasha, vuta hewa yote na ujaze gesi, mara 3. Bomba likiwa na hewa iliyobaki kwenye kona, mara 1 haitoshi. Panda kwa nyuzi 3 hadi 5 kwa dakika, si zaidi, la sivyo bomba la alumina litapasuka, na bomba hilo ni ghali kuliko unga wako wote wa mwaka. Wakati wa kupoa gesi ndani husinyaa, na kama mwisho wa bomba umetumbukizwa kwenye maji bila chupa ya kinga katikati, maji yatavutwa hadi ndani ya tanuri la moto. Ongeza mtiririko wa gesi kidogo wakati wa kushuka. Usifungue mpaka lifike chini ya nyuzi 100, hata kama umechoka kusubiri.

Sasa soma matokeo. Unga mzuri una rangi ya njano ya kijani hata mchana, na ukiumulika kwa kurunzi ya nanomita 365, ile ya kukagulia noti, unawaka kijani. Ukiwa mweupe na ukawaka mwekundu, una Eu3+: gesi imevuja, au mtungi ulikwisha usiku. Rangi ya kijivu ni kaboni, chuma, au upungufu wa nitrojeni kwenye fuwele, na kijivu chochote kinakula mwanga. Madoa ya chungwa mara nyingi ni Sr2Si5N8, dalili kwamba oksijeni imepotea, mathalani kwa sababu kuna grafiti karibu na kikombe. Ukitoka mgumu kama tofali, joto lilizidi. Usiuponde kwa hasira. Kila mpasuko wa fuwele ni uso mpya wenye kasoro, na mwanga unashuka pamoja na ukubwa wa chembe. Ponda taratibu, chekecha, osha kwa maji yaliyochemshwa yakavukizwa na kukusanywa, kausha. Kisha pima uzito: gramu 6.055 za malighafi lazima zirudi karibu gramu 5.000. Zikibaki nyingi, kabonati haijaisha.

CaAlSiN3 utaifikia baadaye. Malighafi zake ni Ca3N2, Si3N4 na AlN, kwa gramu 10 takribani 3.60, 3.41 na 2.99 kabla ya kuingiza yuropiamu. Ugumu wote uko kwenye ile ya kwanza. Ca3N2 ikikutana na unyevu hugeuka chokaa na kutoa amonia. Ukifungua chupa ukanusa harufu ile ya choo, usipoteze muda kuipima. Kazi yote ya kupima na kusaga hufanyika ndani ya sanduku la glovu, lililozibwa na kuingizwa mikono kupitia glovu zake, lenye maji na oksijeni chini ya sehemu 1 katika milioni, na kuchoma ni kwa nyuzi 1,600 hadi 1,800, kwa kawaida chini ya presha ya nitrojeni inayofikia mara 10 ya hewa tunayovuta. Presha hiyo ina sababu. Si3N4 haiyeyuki, inavunjika na kuachia nitrojeni inapokaribia nyuzi 1,900 katika presha ya kawaida, na ukiisukuma kwa gesi unaizuia. Sialoni ya beta, inayopikwa kwa nyuzi 1,900 hadi 2,000, bila presha ni vigumu kuipata. Sialoni ya alfa ni rahisi kidogo, kwa kuwa kalsiamu yake inaweza kutoka kwenye CaCO3 isiyoogopa hewa.

Kipimo cha kwanza baada ya tanuri ni eksirei ya fuwele, kabla ya mwanga. Ukianza na mwanga utaupenda unga wako bure, maana uchafu wa 5% unaowaka sana unaweza kufunika kila kitu. Fuwele ikithibitika, pima spektra, yaani mgawanyo wa mwanga kwa urefu wa wimbi.

Hapa wageni hunaswa na kosa moja kila mwaka. Ukimulika sampuli kwa nanomita 300, kipasua mwanga cha mashine huonyesha pia mzimu wa mwanga huohuo kwenye 600, na mtu huandika kwamba amepata fosfa nyekundu. Weka kichujio kinachozuia kila kitu chini ya nanomita 400 mbele ya kipokezi, mzimu utatoweka. Kilele cha kweli kitabaki palepale hata ukibadilisha urefu wa wimbi la kumulikia, lakini mzimu unahama nao.

Usilinganishe urefu wa vilele vya Jumatatu na vya Ijumaa. Taa ya zenoni imechoka, tundu umelifungua tofauti, unga umeukandamiza tofauti. Ukitaka kusema huu unang'aa kuliko ule, pima ufanisi wa kwanta, yaani sehemu ya mwanga wa kumulikia inayogeuzwa kuwa mwanga mpya, kwenye tufe la kukusanyia mwanga, na useme ni wa ndani au wa nje. Ufanisi wa ndani huhesabu mwanga uliomezwa tu. Unga unaomeza 70% na kugeuza 80% ya uliomeza una ufanisi wa nje wa 56%, na huo wa nje ndio mtengeneza taa anaununua.

Kiasi cha yuropiamu kitafute kwa mfululizo: 0.5%, 1%, 2%, 4%, 8%. Mwanga utapanda kisha utashuka, kwa sababu ioni zikikaribiana hurushiana nishati mpaka ikaangukia kwenye kasoro na kuishia joto. Utaona pia kilele kinasogea kuelekea nyekundu. Usikimbilie kusema fuwele imebadilika, sehemu ya mwendo huo ni ioni zinazomezana mwanga zenyewe kwa zenyewe.

Halafu joto. Ndani ya balbu iliyofungwa juu ya dari la bati, mchana wa Oktoba, unga unakaa kwenye joto kubwa hata kabla taa haijawashwa. Pima kuanzia nyuzi 25 hadi 200 kwa hatua za 25, ukisubiri dakika 5 kila hatua, na uandike uwiano wa 150 kwa 25. CaAlSiN3 na sialoni ya beta nzuri hubaki na zaidi ya 80%. Kisha shusha hadi 25 na upime tena. Watu hulisahau hili, na ndilo linalotofautisha fosfa iliyochoka kwa muda na iliyoharibika: mwanga usiporudi ulipokuwa, Eu2+ imeoksidika au fuwele imevunjika. SrLiAl3N4, nyekundu nyembamba iliyotangazwa mwaka 2014, ni nzuri mno kwa joto lakini huharibiwa na unyevu, hivyo itunze kwenye chupa iliyozibwa.

Mwisho, swali linaloulizwa sana na wanaotengeneza taa za ziwani: je, nyekundu ya nitridi inafaa taa ya dagaa? Fanya hesabu. Buluu ya 450 ikigeuzwa kuwa 650, nishati inayobaki ni 450 kwa 650, yaani 69%, na 31% imekuwa joto hata fosfa ikiwa kamilifu. Jicho la mtu huona 650 kwa karibu sehemu moja ya kumi tu ya linavyoona 555. Na katika maji safi kabisa, nyekundu ya 650 baada ya mita 10 hubaki karibu 3%, wakati kijani ya 540 hubaki zaidi ya 60%. Kwa zahanati, buchani na jikoni, nyekundu hiyo ina thamani ya kila senti. Kwa mtumbwi unaotumia betri, weka LED baridi au yenye fosfa ya kijani, na betri itafika alfajiri.